Matangazo ya Ndoa, Chini ya Tisini

Alhamisi hiyo, saa tatu ya asubuhi, Émilienne aliingiza gari lake kinyumenyume katika kiwanja cha Baudouin, fundi wa redio wa mtaa wa Bigo mjini Bunia, akazima injini, akashuka na kandambili miguuni na kinyongo moyoni. Gari lenyewe zamani lilikuwa jeupe. Usukani wake ulikuwa kulia, kama magari yote yanayotufikia kutoka Japani kupitia Uganda, na ndani lilinuka samaki wa chumvi, kwa maana kila Jumanne na Ijumaa lilishuka Kasenyi ziwani, likapanda tena limeinamia nyuma kwa uzito wa magunia. Redio yake ilikoroma tangu siku liliponunuliwa. Émilienne alikuwa ameivumilia miaka minne, lakini sasa alikuwa anaozesha binti.

"Élise ataolewa tarehe kumi na mbili," alisema. "Atapanda mu hii gari. Mi sitaki watu wamuone anapita mu boulevard na redio inalia tu shhh."

"Karibu kwanza, Mama Élise," Baudouin akamwambia. "Ukae."

Baudouin hakuwa mtu wa haraka. Alianza na antena, maana magonjwa mengi ya redio huanzia huko. Ilikuwa imekatikia shinani, akaunga sipoku ya baiskeli kwa chuma alichokipasha kwenye makaa, kwa kuwa umeme ulikuwa na siku zake na Alhamisi haikuwa mojawapo. Redio ikakoroma. Akawasha injini, akaizima: mkoromo ule ule, basi kosa si la injini. Akaufuata waya wa antena chini ya zulia, akakwangua kutu kwenye skrubu, akaikaza, akazungusha kitufe toka mwanzo hadi mwisho. Kisha akacheka polepole, peke yake, hadi Émilienne akaanza kuudhika.

"Redio haina ugonjwa. Iko tu Mujapani. Inaishia ku quatre-vingt-dix. Na redio zote za Bunia ziko juu ya hapo."

"Na chini ya tisini kuko nini?"

"Kwetu huku? Hakuna kitu. Kuko kadude kamoja ka kurekebisha, nitakaagiza Kampala."

Ili amwonyeshe hakuna kitu, akakirudisha kitufe chini taratibu. Kwenye themanini na nne na ushei, mkoromo ukakoma. Mwanamume akakohoa mara mbili, akasema: "Matangazo ya wiki. Kufagia kanisa ni zamu ya wamama wa ng'ambo ya mto. Waje na mifagio yao, ya parokia imeisha."

Émilienne alimtambua kwa kikohozi. "Huyu ni katekista Ézéchiel wa kwetu Lopadza," alisema. "Walimuulia ku mulango ya kanisa, mwaka ule tulikimbia. Matanga yake mi nilikuwa."

"Anasikika muzuri," alisema Baudouin. "Sipoku imekubali."

Lopadza ni upande wa Djugu, na wakati huo ilikuwa na miaka tisa bila mtu. Watu wake walikuwa Bunia, wengine chini ya mahema ya plastiki, wengine katika viwanja vya ndugu waliokwisha kuchoka nao. Ilisemwa kwamba ni amani. Ilikuwa amani ya namna yake: watu walilima huku sikio liko barabarani, na kwenye daraja la kwenda Lopadza palikuwa na kizuizi chenye wanaume wa bunduki, ambao mwaka huu walivaa sare moja na mwaka ujao nyingine. Hakuna aliyepita pale.

Kizuizi hicho ndicho kilichokuwa kinaiua harusi ya Élise. Padri Alphonse wa hapo Bunia, mtu mwema aliyependa karatasi kupita kiasi, alishika neno moja: ndoa itangazwe Jumapili tatu katika parokia ya bibi-arusi, mtu akijua kizuizi aseme. Parokia ya Élise ni Lopadza. Lopadza hakuna padri, hakuna mlango, hakuna hata wa kukaa kwenye benchi. Waliandika barua kwa wakubwa wa kanisa kuomba ruhusa, barua ikakaa huko. Naye Rodrigue, mchumba, alikuwa mwalimu aliyepangiwa shule ya Irumu, aanze kazi Jumatatu tarehe kumi na nne, na baba yake alikwisha kuanza kunong'ona kwamba wasichana wenye parokia zilizo wazi wako wengi. Élise alikuwa ameacha kula. Émilienne alikuwa anakula kwa niaba ya wote wawili, kwa hasira.

"Basi umuandikie Ézéchiel communiqué," alisema Baudouin, "vile watu wote wanaandikia redio. Ona, iko na mudomo ya kaseti."

Wakachana ukurasa wa daftari. Émilienne akaandika: Élise, binti wa Émilienne na marehemu Xavier, wa Lopadza, anataka kuolewa na Rodrigue, mwalimu. Akakunja karatasi, akaitia kwenye tundu la kaseti. Redio ikaimeza, ikarudi kwenye zamu ya kufagia.

Jumapili, baada ya misa ya pili, gari lilisimamishwa kwenye ua wa kanisa, pua limeielekeza Djugu, ambako ndiko lilikoshika vizuri. Padri Alphonse akakaa kiti cha mbele na kanzu yake, daftari gotini. Ézéchiel akakohoa, akaitangaza ndoa yote bila kuruka neno, akaongeza kwamba wanaoleta matangazo wajitahidi mwandiko. Akauliza kama kuna mwenye kizuizi. Akangoja. Huko kanisani Lopadza njiwa mmoja akaruka.

"Ni yeye," alisema padri. "Nilimufundisha mimi. Na hakuna barua inayosema parokia ile ilifungwa." Akaandika kwenye daftari: moja.

Élise alikula sahani mbili siku hiyo.

Jumapili ya pili walikuja na majirani. Ézéchiel akatangaza, akauliza, akangoja. Viatu vikaburutwa juu ya saruji, na sauti ya mwanamke mzee ikasema: "Mi iko na neno."

Alikuwa Charlotte, mama mzazi wa Émilienne, aliyekataa kukimbia kwa sababu maharagwe yake yalikuwa bado kukauka. Hakuna aliyewahi kumzika.

"Ng'ombe za mahari wamekula," alisema Charlotte. "Vikwembe wamegawana. Mbuzi ya koko iko wapi? Mujukuu wangu anaolewa, mi sijaona hata mukia."

Émilienne alijua kosa ni lake. Siku ya mahari, orodha iliposomwa, ilikuwa na mbuzi wa koko, yule apewaye bibi mzaa mama, na ni yeye mwenyewe aliyeshika kalamu akamfuta, akisema koko hayuko tena, tusiwasumbue wakwe. Sasa aliinamia usukani akacheka hadi machozi yakamtoka, kisha machozi yakaendelea bila kicheko. Miaka tisa hakuusikia mdomo ule. Alikuwa na furaha ambayo hakujua aiweke wapi, akaanza kupangusa dashibodi kwa ncha ya kikwembe alichojifunga kiunoni.

Padri Alphonse hakuandika kitu. "Aliyeweka kizuizi, yeye njo atakitoa," alisema. "Palepale alikiwekea."

Kwa Rodrigue hawakubisha. Baba yake alisema kwamba mzee akidai haki yake hakuna cha kujadili, na kusema kweli alionekana kufurahi kuipata familia yenye watu wakali. Wakaleta mbuzi jike wa kahawia mwenye sikio moja jeupe. Jumatano Émilienne akampakia kwenye kiti cha nyuma pamoja na Baudouin, wakaenda hadi kwenye daraja.

Mkuu wa kizuizi alikuwa kijana mwenye adabu, aliyekuwa anakula muhogo wa kuchoma. Émilienne akamweleza yote, toka mkoromo hadi koko. Akasikiliza akitafuna.

"Mbuzi apite," alisema.

"Namushika kamba, namufikisha."

"Kamba ipite, mama abakie."

Émilienne akaachia kamba. Mbuzi akavuka daraja, akakata kulia penye njia iliyokwisha kumezwa na nyasi, akapanda mlima bila kuuliza.

Jumapili ya tatu ua ulijaa. Watu wa Lopadza walitoka kwenye mahema kwa miguu, wamevaa nguo zao za misa, wakalizunguka gari lililofunguliwa milango yote minne. Ézéchiel akasoma. Akauliza. Akangoja, na katika kungoja huko mbuzi akalia, karibu kabisa, kama aliyefungwa kwenye mguu wa altare.

"Nimeiona," alisema Charlotte. "Iko ndogo. Lakini sawa, waoane. Na ule Élise akule, bibi-arusi mukondefu ananiletea haya."

Vigelegele vilivyopigwa vilisikika hadi sokoni. Wanawake wa Lopadza walimbeba Élise, wakambeba na padri kidogo, ambaye aliandika mbili na tatu kwa mara moja wakati miguu yake haijagusa chini.

Kadude ka Kampala kalifika Ijumaa, siku moja kabla ya harusi. Baudouin akakaweka kwenye kabati, na hakuna aliyemuuliza. Jumamosi gari lilifungwa maua ya karatasi na sipoku ikafungwa utepe. Toka kanisani hadi Bigo, kwaya ya Lopadza iliimba kwenye themanini na nne na ushei, sauti zote nne na ngoma mbili, Koko Charlotte akiwapita wenzake kwa nusu ubeti kama desturi yake. Pikipiki za msafara zikanyamazisha honi ili zisikie. Rodrigue alipiga ngoma kwenye mlango kwa kiganja. Élise alicheka njia nzima kichwa kikiwa nje ya dirisha, na Émilienne, kwenye usukani, aliimba kila wimbo, maana aliujua kila mmoja. Harufu ya samaki ilikuwepo, na hakuna aliyeitaja.

Miezi mitatu baadaye Ézéchiel akatangaza kwamba mbuzi wa Charlotte amezaa mapacha, na kwamba mmoja, kwa desturi, ni wa bibi-arusi. Mama yake aje amchukue darajani siku ya Jumatano.

Émilienne akaenda. Mwanambuzi alikwisha kufika, yuko upande wa huku, ananyonya kidole cha mkuu wa kizuizi, ambaye sasa alikuwa amevaa sare nyingine. Ng'ambo, juu ya mlima, moshi mwembamba ulikuwa unapanda mahali ambapo zamani palikuwa jiko la mama yake. Émilienne akautazama muda mrefu. Toka pale hadi kule, kwa miguu, ni mwendo wa chungu kimoja cha maharagwe kuiva.

"Mbuzi wanaenda, mbuzi wanarudia," alisema. "Na mi?"

Kijana akapangusa kidole kwenye suruali.

"Weye uko mutu, mama," alimjibu kwa heshima.

Akamsaidia kumpandisha mwanambuzi kwenye kiti cha mbele, akamfungia na mlango.