Maziwa ya Mzee Seth

Nzuguni kuna kanisa ambalo wazee wake wakishapeleka sadaka mbele hawageuki kama watu wengine. Wanarudi kinyumenyume hatua tatu, uso ukiielekea madhabahu, ndipo wanageuka. Aliyeuanzisha mtindo huo hajulikani, lakini ukiukosea utasemwa mpaka Pasaka. Methusela, mmoja wa wazee hao, aliufanya miaka yote bila kasoro. Jumapili ya mavuno alirudi hatua ya kwanza, ya pili ikamshinda, akaanguka chali kama gunia la mtama mbele ya kanisa zima.

Kabla hajainuliwa, hukumu ilishatoka: amelewa. Anyesi, mkewe, alilisikia neno hilo likitoka benchi hadi benchi, akawatazama wenye kulisema. Nusu yao aliwajua kwa harufu. Mwanakwaya mmoja, ambaye Jumamosi hurudishwa kwake kwa toroli, alikuwa akitikisa kichwa kwa masikitiko.

Methusela hakuwa hata anaijua ladha ya pombe. Kazi yake ilikuwa kuchomelea matangi ya chuma katika karakana ya Mzee Seth. Mji unajengwa kila kona na maji yana siku zake za kutoka, kwa hiyo kila mwenye nyumba anataka tangi, na la Seth lilisifiwa kwamba halivuji kwa sababu lilichomelewa nje na ndani. Wa ndani alikuwa Methusela. Asubuhi aliingia kwa tundu la juu, akajikunja humo na moto wake, na moshi ukakosa pa kwenda isipokuwa puani mwake. Feni hakuna, barakoa hakuna. Kilichokuwepo ni pakiti ya maziwa kila mchana, aliyoigawa Mzee Seth kwa mkono wake mwenyewe huku akieleza kwamba maziwa huosha moshi wote. Mafundi waliamini, maana ndivyo walivyoambiwa na waliowafundisha. Seth naye alijiona mfadhili, na bei ya feni ikabaki mfukoni mwake.

Mwaka huo Methusela alikuwa amebadilika. Alitembea kwa vidole vya miguu kama jogoo anayevuka tope. Uso uliganda; ukimsimulia kichekesho alikutazama kama unayemsomea tangazo la msiba, halafu baadaye, bila sababu, akacheka peke yake na kushindwa kujizuia. Sauti ilififia. Vifungo vya shati alifungwa na Anyesi.

Kesho yake baada ya kuanguka, Anyesi alimpeleka hospitali. Daktari Frida aliuliza kwanza anafanya kazi gani, badala ya kuuliza anakunywa nini, na Anyesi akampenda kwa hilo tu. Kisha akamwambia Methusela arudi nyuma polepole, mwenyewe akasimama mgongoni kwake. Methusela akamwangukia mikononi.

"Kwenye ule moshi kuna madini yanaitwa manganizi," daktari alisema. "Mwili unayahitaji kidogo sana, na hicho kidogo unakipata kwenye chakula. Ukiyavuta kwa wingi miaka na miaka, yanakwenda kukaa kwenye ubongo, sehemu inayoongoza mwendo na uso."

"Na maziwa?"

"Maziwa yanakwenda tumboni, mama. Moshi haukupita huko."

"Atapona?"

"Kilichoharibika siwezi kukuahidi. Ila akirudi mle ndani, hata kilichobaki kitakwenda."

Anyesi alirudi nyumbani na maneno hayo, akakuta ujumbe wa Mzee Seth umetangulia. Baraza la kanisa lingekaa Jumamosi. Methusela akitubu ulevi wake, atasamehewa na Jumatatu atarudi kazini. Seth ndiye alikuwa mwenyekiti wa baraza. Mlevi aliyetubu angeweza kurudishwa ndani ya tangi; mgonjwa asingeweza. Anyesi alicheka kwa dharau mpaka akakohoa.

Kilichomuumiza ni kwamba Methusela alikuwa tayari kutubu.

"Nitasema tu nilikunywa," alinong'ona, maana sauti haikupanda zaidi ya hapo. "Kazi nyingine sijui, mama Hana."

Jumamosi baraza lilikaa mbele, chini ya madhabahu. Dirishani lilionekana tangi la kanisa, limeandikwa ZAWADI YA MZEE SETH kwa herufi za kusomeka kutoka barabarani. Methusela ndiye aliyelichomelea ndani.

Anyesi alitoa shikamoo yake kavu, akaeleza yote aliyosema daktari. Wazee walisikiliza kwa nyuso za watu wanaosubiri chai. Mzee Seth akatabasamu.

"Mama Hana, madaktari nao wana mambo. Mimi nina karakana tangu hujaolewa. Ingekuwa moshi unaharibu ubongo, wa kwanza ningekuwa mimi."

"Kwani wewe huwa unaingia ndani ya tangi?"

"Mimi? Mle hakukaliki. Nilijaribu mara moja, kichwa kikaniuma siku nzima. Sikurudia."

Mchungaji Charles aliinama akavikagua viatu vyake, na wazee wawili wakapata hamu ya ghafla ya kuangalia dari. Seth peke yake hakuwa amesikia alichokisema.

"Ndiyo maana nikaanzisha maziwa," akaendelea. "Sasa tusipoteze muda. Atubu, tumsamehe, Jumatatu aje. Nitamwongezea pakiti ya pili."

Anyesi aliwatazama wote, mmoja baada ya mwingine, akingoja hata mmoja aone aibu, aseme neno. Mchungaji alisafisha koo, akasema Mzee Seth ana moyo wa kutoa. Anyesi alikuwa amekuja na hasira, lakini hasira ni ya kuwapa watu wanaoistahili. Hawa aliwaonea kinyaa.

Methusela alifungua kinywa. Midomo ilichelewa, kisha sauti ikatoka, ndogo lakini ya kusikika.

"Sikunywa," alisema. "Na mle sirudi."

Mzee Seth aliguna, akasema hapo yuko nje ya kanisa na nje ya karakana. Methusela akaitikia kwa kichwa. Kisha, kwa mazoea ya miaka yote mbele ya madhabahu, akainua mguu aanze kurudi kinyumenyume. Anyesi alikuwa ameshafika. Akamshika mabega.

"Geuka, baba Hana. Wape mgongo."

Methusela akageuka, polepole. Akashika njia ya katikati kuelekea mlangoni, kwa vidole vya miguu, kifua mbele, kichwa juu. Asiyejua angedhani ni maringo, na safari hii Anyesi aliwaacha wadhani hivyo.