Katikati ya Filamu ya Treni

Elma Lahtinen alifikia uamuzi wake akiwa anakanda unga wa mkate wa iliki, mikono imejaa siagi. Krismasi hii mumewe angeitazama filamu ya treni kama alivyoitazama kila Krismasi, awe na macho asiwe nayo.

Reino alikuwa amepoteza macho majani yalipoanza kupukutika. Presha ya macho ilikuwa imemla polepole kwa miaka, naye akiificha kwa ubishi, mpaka siku alipolisalimia kabati la nguo akidhani ni mkewe. Tangu hapo mtu huyu aliyeendesha malori ya magogo juu ya barafu maisha yake yote alikuwa wa kukaa chumba cha nyuma na redio, akisubiri kushikwa mkono kwenda mezani, kushikwa mkono kwenda chooni. Hakulalamika. Hilo ndilo lililomtisha Elma, maana Reino anayemjua yeye alilalamikia kila kitu, kuanzia kahawa mpaka serikali.

Filamu yenyewe ilikuwa ya zamani, ya enzi za nyeusi na nyeupe, nayo televisheni ilizoea kuionyesha mkesha wa Krismasi. Treni imebeba watu wanaorudi makwao kwa sikukuu, inakwama kwenye theluji milimani, na mwishowe wote wanafika. Nyumbani waliiita ile ya treni, basi. Mwaka mmoja jirani yao aliwarekodia kwenye kanda pamoja na matangazo yote ya matairi na sabuni, na siku hizi hata matangazo yale yalikuwa sehemu ya raha. Elma akiyasikia tu aliwaona wanawe wamelala kifudifudi kwenye zulia, nywele zimelowa kwa kutoka sauna, chumba chao cha mvuke, soksi za sufu zinakauka juu ya jiko, na Reino kwenye kiti chake na bakuli tupu la uji wa mchele mapajani.

Mwaka huu watoto wasingekuja. Dhoruba iliyotoka ziwani ilikuwa imefunga barabara, na binti yao Marlys alipiga simu kutoka mji wa Duluth kuomba radhi. Aliposikia mipango ya mama yake alimsihi asimlazimishe mzee. Elma alimjibu kwamba halazimishwi mtu hapa, anaalikwa.

Mwalikwa mwenyewe alikuwa ameshakataa. "Sinema ni ya wenye macho," alisema. "We angalia, utanisimulia kesho."

"Kesho sina nafasi," Elma akamwambia. "Nitakusimulia hapohapo."

Akaanza mazoezi. Kila mchana Reino aliposinzia, aliweka kanda, akapunguza sauti, akasimama mbele ya televisheni kutaja anachokiona. Ilikuwa kazi kuliko alivyodhani. Katika nyumba ile msemaji alikuwa Reino. Elma alizoea kuitikia. Siku ya kwanza alisema, "Treni inakwenda," maneno yakamwishia, na huku kwenye kioo watu wanakumbatiana, mbwa anakimbia, moshi unapanda. Maneno yalipoanza kumjia, yakawa yanaangukia juu ya mazungumzo ya waigizaji, husikii hawa wala yule. Akarudia. Akajifunza kusubiri mtu amalize kusema, kisha kuchomeka maneno yake haraka kabla mwingine hajafungua mdomo. Usiku akiosha vyombo alijikuta anasimulia mikono yake mwenyewe.

Mkesha ukafika. Walikwenda sauna, wakala samaki, wakala uji. Reino akaomba arudishwe chumbani. Elma akamrudisha, akauacha mlango wazi. Kisha akaenda sebuleni, akaweka kanda, akaongeza sauti, akakaa na kuanza kukisimulia kiti kitupu.

"Theluji inaanguka stesheni. Watu wamebeba zawadi. Yule mkoleza makaa anarukia injini, amevaa koti jekundu..."

Mpaka leo Elma hasemi kama ulimi uliteleza au alifanya makusudi.

"Jekundu wapi?" sauti ikatoka nyuma.

"Mimi naliona jekundu."

"Elma, filamu haina rangi hiyo."

"Wewe uko huko, utajuaje?"

Mkoleza makaa alitoa mzaha wake kuhusu mama mkwe na tanuri, ule ambao Reino aliurudia kila baridi ilipoingia. Halafu kitanda kikalia. "Njoo unichukue," Reino akasema, "nije nikuonyeshe."

Akamchukua. Reino akakaa kwenye kiti chake, akajifanya hasikilizi, lakini dakika si nyingi akawa anamtangulia mkoleza makaa kwa maneno. Yule ndiye Reino aliyempenda kuliko wote, kwa kuwa aliimba akifanya kazi. Elma alichomeka ya kwake kwenye nafasi: nani ameingia, nani ametabasamu, nani ameficha barua. Treni ikapanda milimani. Theluji ikazidi. Magurudumu yakagoma.

Hapo ndipo Elma alipogeuka kumwangalia, kwa mazoea. Miaka yote, treni ikikwama, kichwa cha Reino kilianguka kifuani. Alikuwa mtu wa kuamka alfajiri kwenda msituni. Akishashiba na kupata joto, usingizi ulimbeba palepale, na aliamka kengele ya mwisho inapolia. Leo kichwa kilikuwa wima, sikio limeelekezwa kwake.

"Mbona umenyamaza? Nasikia upepo tu."

Elma alikuwa amefanya mazoezi ya maneno yote ya sehemu ile. Hakuwa amewaza kwamba Reino hajawahi kuiona. Angeweza kudanganya, wala mtu huyu asingekuwa na njia ya kujua. Wazo hilo lilipita kichwani mwake, akalikataa. Tangu augue, kila mtu alikuwa akimpunguzia Reino habari, kuanzia daktari mpaka binti yake, na yeye hakutaka kuwa mmoja wao.

Kwa hiyo akamwambia. Mkoleza makaa anavua koti lake, anamvisha mtoto anayetetemeka. Anatoka peke yake kutafuta msaada. Anaanguka, anainuka. Anakiona kijiji, kanisa dogo, kamba ya kengele. Anavuta. Watu wanatoka na taa, wanaelekea kwenye treni wakiwa na farasi. Mwanamke mmoja anafungua mlango wa kanisa, anamkuta ameketi chini ya kamba.

"Amelala," Reino akasema.

"Hapana. Amekufa."

Palepale likaingia tangazo la matairi. Wote wawili walimsikiliza yule mtu akiwauzia matairi mpaka akamaliza.

"Sasa yule wa mwisho," Reino akauliza, "anayepiga kengele treni inapopita, mwenye koti?"

"Ni yule mtoto. Ameshakuwa mkubwa."

"Mimi nilidhani ni yeye. Naamka, namwona na koti lake, nacheka. Ninyi mnalia, nasema hawa wanalia kwa furaha."

Elma akamweleza. Mwanzoni watoto walikatazwa kumwamsha kwa sababu ya uchovu wake. Baadaye wakawa wanakingoja kile kicheko. Marlys alikuwa akisema baba peke yake ndiye asiyejua, kwa hiyo kwa baba mkoleza makaa bado yu hai.

Reino akasugua goti lake.

"Miaka yote hiyo mmenifanya bwege kwenye nyumba yangu."

"Ndiyo."

"Rudisha. Pale anapovua koti. Na usikimbie, umeruka mikono yake inafanyaje."

Akarudisha. Safari hii alisimulia vidole vilivyoshindwa kufungua vifungo kwa baridi, na mtoto anavyozamia ndani ya koti mpaka pua. Kengele ya mwisho ilipolia, Reino hakucheka. Alijifuta uso kwa mkono wa sweta. Kisha akauliza kuhusu ile filamu nyingine, ya bata bukini anayeponea chupuchupu kuliwa. Hiyo nayo alikuwa akilala?

"Hiyo hujaona hata mwanzo wake."

"Basi kesho."

Elma alitaka kumjibu, ikatoka sauti ya mkwaruzo. Koo lilikuwa limekauka kwa kusimulia. Akasema kwa kunong'ona kwamba anahitaji maziwa ya moto na asali, akajiinua.

"Kaa," Reino akamwambia.

Akasimama yeye, akatafuta ukuta kwa kiganja, akaufuata. Elma akashika mikono ya kiti. Alisikia mlango wa jikoni, droo, kisha sufuria ikaanguka, na Reino akaitukana kwa lugha ya mama yake. Akasikia swichi ya jiko la umeme ikizungushwa, ikarudishwa, ikazungushwa tena. Kila sauti ilimvuta aende. Hakwenda.

Maziwa yalikuja vuguvugu, nusu yake yamemwagika kwenye sahani, asali imeganda chini. Elma akayanywa yote.