Kitambi Juu ya Paa

Ukitaka kumjua Penseli, usimwangalie usoni. Mwangalie kisogoni, ambako penseli haikosi kuchomekwa kwenye nywele, na ndiyo iliyompa jina tangu shuleni. Kazi yake ni kubuni nembo, zile alama za kampuni unazoziona kwenye mifuko, kwenye mabango na ubavuni mwa magari. Watu humwuliza mawazo yake anayatoa wapi. Basi hapo huinua macho darini, akajitia kutafakari, halafu akasema eti yote yanatokana na uwiano wa maumbo. Muongo mkubwa! Anayatoa nyumbani kwao.

Ule mkate wenye mashavu mawili kwenye magari ya kiwanda cha mikate ni shangazi yake akisubiri kuombwa radhi. Na lile kufuli linalouzwa kila duka, lililobana mdomo utadhani limetukanwa, ni mama yake mzazi akiwa amenuna. Mama huyo analo kufuli hilo mlangoni kwake, kalinunua kwa hiari yake, na hulisifia kwa wageni. Penseli akisikia sifa hizo hukimbilia jikoni akacheke na masufuria.

Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa tangi. Kampuni ya matangi ya maji ilitaka nembo ya tangi lililoshiba. Siku hiyo baba yake alikuwa amejinyoosha kwenye kochi baada ya chakula cha mchana, shati limemkaa kwa taabu, kifungo cha tumboni kimekatika, kitambi kinapanda na kushuka kwa raha zake. Penseli akaichomoa penseli. Pale kifungo kilipokatika, kushoto kidogo ya katikati, akaweka bomba. Bosi wa kampuni, mzee mcheshi, alipoiona nembo ile alicheka mpaka akajifuta machozi, akaipitisha papo hapo. Tangu hapo kitambi cha baba kikatapakaa mjini kote, kimechorwa kwenye matangi juu ya mapaa ya watu, na mwenye kitambi akipita chini yake hana habari.

Kisha baba akaugua. Madaktari walifanya yao, akapona, tunashukuru, ila kitambi hakikurudi naye nyumbani. Suruali zake zikawa hazikai mpaka azibane kwa mkanda wa mama. Kwa kinyozi, ambako rafiki zake walizoea kukigonga kile kitambi wakiuliza kinaingia lita ngapi, hakwenda tena. Akawa mtu wa kochi. Anakula vijiko vichache, anasukuma sahani, anasema, "Nimeshiba," na mama anabana mdomo. Jambo hilo lilimuuma Penseli vibaya sana. Kila akienda kazini aliinua macho kwenye mapaa, akajiambia kwamba afadhali kule juu baba bado yupo mzima.

Sasa, yule bosi mcheshi akastaafu, akaja meneja mpya. Kijana wa watu hakuwa na ubaya, ila alikuwa mtu wa mazoezi, anapanda ngazi kwa kurukaruka, chupa ya maji haimtoki mkononi. Akaingia ofisini kwa Penseli, akasimama nyuma ya kiti chake, akaelekeza kidole kwenye skrini.

"Dada, huyu apungue."

"Nani?"

"Tangi. Limenenepa mno. Siku hizi watu wanataka vitu vyembamba. Kata hapa, kata na hapa. Na hilo bomba mbona limekaa upande? Lilete katikati."

Penseli aliona kama baba yake anarudishwa chumba cha upasuaji. Sasa ajibu nini? Kwamba hilo si tangi, ni mzazi?

"Bosi, tangi jembamba litaonekana halina maji," alisema.

"Hayo ni maoni yako."

"Basi tusikie ya wateja. Tutundike mabango mawili dukani, moja nene, moja jembamba, wao wenyewe waseme."

Meneja alikubali kwa sababu alikuwa na uhakika. Penseli alipendekeza kwa sababu alikuwa na hila.

Alipofika nyumbani alikaa ukingoni mwa kochi, akakunja uso kama aliyefiwa.

"Baba, nisaidie. Nitafukuzwa kazi."

Uongo mtupu, na wala haukumkaba kooni. Baba akafumbua jicho moja.

"Umeiba?"

"Sijaiba! Kesho asubuhi uje lile duka kubwa la vifaa vya ujenzi, ujifanye mteja. Utakuta picha za matangi mawili. Wewe sema tu, 'Mimi nataka lile nene,' kisha uondoke. Usiongeze hata neno."

"Nitoke mbele za watu hivi nilivyo?" Baba aliishika suruali kiunoni.

"Hivyo hivyo, baba yangu."

Baba akatazama dari. "Na hilo jembamba kalileta nani?"

"Meneja mpya. Anataka lile nene likatwe."

"Likatwe?" Baba akafumbua na jicho la pili. "Mh!"

Asubuhi mabango yalikuwa yananing'inia juu ya makopo ya rangi. Muuza duka alikuwa kaegemea kaunta, meneja kakunja mikono, Penseli kando yake anajiumauma kucha. Mteja wa kwanza, fundi bomba, alitazama huku na huku, akasema jembamba ndilo la kisasa. Mwanamke mmoja aliyebeba ndoo akamuunga mkono. Meneja akatabasamu. Penseli akahamia kucha za mkono wa pili.

Ndipo baba akaingia. Alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa lile shati lake la siku zote, ambalo sasa lilimning'inia kama limeanikwa. Alitakiwa kusema sentensi moja. Badala yake akavua kofia, akaliendea bango la tangi jembamba, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Pole sana, ndugu yangu. Wamekulaza wodi gani?"

Duka zima likageuka kumtazama.

"Karibu, mzee," alisema muuza duka. "Sogea uone vizuri."

"Nisogee aniambukize? Huyu mgonjwa! Mimi ugonjwa wake naujua, nimetoka nao juzi juzi. Mpandisheni juu ya paa muone, upepo wa kwanza tu mnaenda kumuokota kwa jirani." Akainua shati, akajipiga tumboni, tumbo likatoa sauti ya ubao. "Tazameni! La kisasa lenyewe ndilo hili. Nani anataka kuhifadhi maji humu?"

Mwanamke wa ndoo alicheka mpaka akaitua ndoo. Fundi bomba akajikuna kichwa, akasema basi, yeye abadilishiwe, apewe lile nene. Baba alikuwa bado hajamaliza. Akaligeukia tangi nene, na sauti yake ikashuka.

"Huyu msimguse. Hata bomba msilisogeze. Liko pale pale kifungo changu kilipokatika."

Penseli akaacha kuuma kucha.

"Kifungo gani, mzee?" aliuliza meneja, naye akijizuia kucheka.

"Mambo yangu hayo, kijana. Wewe mtunze tu."

Meneja alilitazama bango lake, akautazama umati unaojishika mbavu, akanyoosha mikono juu. "Dada, nimesalimu amri. Liache nene."

Nje, Penseli alimshika baba mkono. "Kumbe ulijua?"

"Mtu asijue tumbo lake? Nililiona siku ya kwanza tu walipolipandisha kwa jirani."

"Na hukusema!"

"Ningesema, ungeona haya ukalifuta. Nami nilikuwa nafurahi kule juu." Alisimama, akatazama mapaa. "Nilipotoka hospitali nikaichukia njia hii, mama. Nikimtazama yule, naona ndiye mimi, halafu mimi huyu sijui ni nani. Jana uliposema wanamkata, nikasema hapana. Wakimkata na huyo, mimi nitarudi wapi?"

Penseli alilia waziwazi barabarani, na baba akamwazima kofia ajifutie.

"Na lile kufuli je?" alinong'ona Penseli alipotulia.

"Nyamaza! Kufuli nalijua kuliko wewe. Mama yako akigundua, tutahama nyumba mimi na wewe."

Mchana mama alimpakulia baba kile kidogo chake cha siku zote. Baba akala, akamaliza, akaisukuma sahani, na mama akabana mdomo akingoja kuambiwa ameshiba. Lakini sahani ilikuwa imesukumwa kuelekea kwenye sufuria.

"Ongeza, mama watoto. Nina tangi la kujaza."

Mama alibaki na upawa mkononi, kaubana mdomo kwa nguvu zake zote mpaka kidevu kikaanza kutetemeka. Baba akamtazama Penseli. Penseli akalitazama kufuli la mlangoni, na kicheko kikawashinda wote wawili.

"Mnacheka nini?" aliuliza mama, machozi yakimtiririka.

"Chakula kitamu," alisema baba. "Ongeza."