Sungura wa Nyuma ya Tanuri

Mimi huwa siombi radhi. Si jambo la kujivunia, lakini ndivyo nilivyo, na ndivyo alivyokuwa mama yangu. Bibi yangu naye aligombana na jirani kwa sababu ya ufagio mpaka wote wawili wakazikwa bila kupatana. Nakueleza mapema ili ujue ilinigharimu nini kusimama mbele ya Fundi Saa na kutamka niliyoyatamka.

Kazi yangu ni kuoka mikate. Tanuri langu ni la matofali, na mgongo wake umetokeza kwenye kichumba cha nyuma tunakoweka magunia ya unga. Ukuta wa kichumba hicho hauwahi kupoa; ukiuegemea dakika tano, jasho linakutoka. Humo ndimo nilimofugia sungura wangu, weupe pe, macho mekundu, bila doa. Niliwapata wawili wakiwa wadogo sana kutoka kwa mwanamke aliyekuwa anahama. Wakazaana, watoto wakawa weupe, wajukuu wakawa weupe. Miaka minne sikuona unywele wa rangi nyingine.

Mtoto wangu ni mmoja tu, wa kike. Wateja walimwita Kengele tangu ana miaka mitano, na jina likamganda. Akicheka dukani, mtu aliye ng'ambo ya barabara anageuka kutazama. Huyu Kengele wangu akapendana na kijana mpole wa posta, mtoto wa Fundi Saa, na wazee tukakutana kupanga harusi.

Fundi Saa ni mjane. Duka lake ndiyo nyumba yake: chumba cha mbele kina saa zaidi ya ishirini zinazogonga ukutani, na nyuma kuna kibaraza cha mawe kisichoonja jua. Ni mtu wa maneno machache. Kwake jambo ni kweli au si kweli, katikati hakuna kitu. Siku aliyokuja kwangu tulielewana vizuri, tukaweka tarehe, na kwa furaha nikampeleka nyuma kumwonyesha sungura. Akawapenda.

"Weupe kabisa?" aliuliza.

"Kabisa."

"Na wakizaa?"

"Fundi, naapa. Ukoo wa hawa hauna unywele mmoja mweusi, tangu kwa babu yao."

Akatoa daftari mfukoni akaandika. Nilimpa wawili waliokwisha kukua kama zawadi, naye akawavalisha miguuni pete alizozikata kwenye mkanda wa saa ya zamani, akazishona palepale mbele yangu. Alisema jirani yake pia anafuga, hataki wachanganyike. Kisha akaniuliza swali lililokuwa limemkaa kooni tangu alipoingia. "Na binti yako, mama, ni mtu wa namna gani?"

"Ana kelele kama mimi, na subira hana hata punje," nilimjibu. "Baba yake ndiye aliyekuwa mtulivu. Lakini utulivu ule marehemu alikwenda nao kaburini."

Fundi Saa alirudisha daftari mfukoni. Nadhani alikuwa anaziwazia saa zake.

Miezi miwili na nusu ikapita, msimu wa baridi ukaingia. Asubuhi moja, foleni imefika mlangoni, nikamwona Fundi Saa anaingia na kikapu. Hakusalimia. Alikiweka juu ya meza ya mikate na kukifunua. Ndani walikuwamo sungura wawili wenye masikio meusi tititi, pua nyeusi, miguu myeusi, mkia mweusi. Ungedhani wamechovywa kwenye masizi.

"Mama Mikate, hawa ni sungura wako?"

"Si wangu hao."

"Tazama pete."

Nikatazama. Zilikuwa zilezile, na uzi wake uleule. Hapo ndipo ningepaswa kunyamaza, lakini mdomo uliponza kichwa. Mbele ya watu kumi na wawili waliokuja kununua mkate nikasema, "Basi umewavua wangu pete ukawavalisha wengine. Wangu umewapeleka wapi?"

Fundi Saa akafunika kikapu taratibu, akakunja kitambaa pembe kwa pembe.

"Nimekuja kuuliza, umeniita mwizi," alisema. "Mtu anayepaka sungura rangi nyeupe na kuapa juu yake, sijui atapaka rangi nini kingine. Harusi na isubiri kwanza."

Akaondoka. Nilimgeukia Kengele nikitegemea apige kelele, maana ningejua la kujibu. Hakupiga. Alitua sinia la mikate, akaenda nyuma akakaa juu ya gunia la unga.

"Mama," alisema, "umemwita baba yake mwizi."

Nilijipalia makaa mwenyewe, na aliyeungua alikuwa mwanangu.

Mtu wa mwisho kwenye foleni alikuwa mwalimu wa baiolojia wa sekondari, mwanamke anayenunua mikate miwili kila asubuhi. Wenzake walipokwisha kuondoka na umbeya wao, yeye alibaki.

"Sungura wako wanalala wapi?" aliuliza.

Nikampeleka. Aliweka kiganja ukutani akakitoa haraka. Aliwainua sungura mmoja mmoja, akawapuliza manyoya ya masikioni, kisha akaniuliza kule kwa Fundi wanalala wapi. Nikamwambia kibarazani, penye mawe, pasipofika jua. Akaanza kucheka.

"Weusi wanao," alisema. "Wote hawa. Wameurithi kwa mama na kwa baba, umo kwenye jeni zao, umeandikwa. Ila kuandikwa si kutendeka."

"Mwalimu, sema kwa lugha ya waoka mikate."

"Haya. Hamira yako ukiiweka mahali pa baridi, inafanyaje?"

"Inalala."

"Ndani ya ngozi ya sungura hawa kuna kitu kinaitwa kimeng'enya, ndicho kinachotengeneza rangi nyeusi. Jeni ndiyo inayotoa maagizo kitengenezwe. Lakini hiki ni kinyume cha hamira. Joto linakiharibu, mahali palipopoa kinafanya kazi. Sasa mwili wa sungura unapoa wapi kwanza? Masikioni, puani, miguuni, mkiani. Kwako ukuta huu haukuwaacha wapoe hata siku moja. Kwa Fundi wamepoa, na manyoya mapya yaliyoota kule yakaota meusi."

"Na mgongo?"

"Mgongo una joto lake lenyewe, ndiyo maana umebaki mweupe hata kule."

"Kwa hiyo sikudanganya," nilisema.

"Hukudanganya, ulikosea. Na yeye hakubadilisha sungura."

Nusu ya kwanza niliipenda. Ile ya pili nilitembea nayo mpaka jioni.

Mwalimu mwenyewe ndiye aliyekwenda kwa Fundi Saa kueleza. Alirudi na majibu. Fundi amesikia, ila maneno hayamtoshi. Anataka sungura mweupe atoke kwangu, nyuma ya tanuri. Anyolewe mgongoni, hapo mahali ambapo huwa hapawi peusi, pawekwe barafu mpaka manyoya mapya yaote. Jaribio lifanyike nyumbani kwake, na yeye ndiye atakayenyoa. Yakiota meusi, atakuwa ameelewa. Yakiota meupe, mambo ya harusi yasitajwe tena.

Nilikaa chini. Ndoa ya mwanangu ilikuwa imetundikwa kwenye kipande cha mgongo wa sungura, upana wa vidole viwili.

Fundi Saa hana friji. Kwa hiyo kila siku, mikate ikishatoka tanurini, Kengele alijaza barafu kwenye chupa ya chai akaipeleka, na akabaki huko kubadilisha, maana nani mwingine angekaa? Kijana wa watu yuko posta. Fundi alinyoa akipima kwa rula na penseli. Barafu aliitia kwenye kifuko, akakifunga mgongoni mwa sungura kwa mkanda uliozunguka tumbo, wenye bizimu ya saa ya mkononi. Kila baada ya saa moja kengele ya saa ya mezani ililia, na barafu ikabadilishwa.

Wiki ya kwanza niliunguza mikate mara mbili. Kila jioni nilimdaka Kengele mlangoni. "Imeota?"

"Bado ngozi tu, mama."

Alikuwa anarudi kimya, amechoka macho. Nikajua ni huzuni, na roho ikaniuma sana. Nikaanza kufanya mazoezi ya kuomba radhi. Nilikuwa nakanda unga alfajiri huku nikiuambia, "Fundi, nilikosa." Unga ulinisamehe upesi. Ila kila nilipofikiria uso wa Fundi Saa mahali pa unga, ulimi ulikuwa mzito.

Wiki ya tatu Kengele alisema, "Kuna kivuli."

"Kivuli cha rangi gani?"

"Cha kivuli, mama. Subiri."

Mwanangu kuniambia nisubiri! Nilidhani anaumwa.

Mwisho wa wiki ya nne Fundi Saa alimtuma kijana wake aniite, mimi na Mwalimu. Nilivaa gauni langu la heshima, nikafika nikinuka hamira vilevile. Sungura alikuwa juu ya meza ya kazi, ametandikiwa kitambaa cheupe. Saa zote ukutani zilikuwa zinanigongea mimi. Fundi akafungua bizimu, akaondoa kifuko, akapangusa maji kwa ncha ya kitambaa.

Katikati ya ule mgongo mweupe palikuwa na mraba mweusi tititi, umekaa kama stempu.

"Nimeupima," alisema Fundi Saa. "Kingo zimenyooka."

Kisha akatuonyesha mahali pengine karibu na hapo, manyoya yamekuwa mafupi lakini meupe. "Hapa nilinyoa siku ileile. Sikuweka barafu. Nilitaka kujua kama ni wembe ndio unaoleta weusi."

Mwalimu alipiga makofi. "Laiti wanafunzi wangu wangekuwa hivi!"

"Mama Mikate," Fundi alianza, "nilisema umepaka rangi..."

Nikainua mkono. "Ngoja nianze mimi, Fundi. Nikichelewa nitaghairi." Nikapiga moyo konde. "Nilikuita mwizi mbele za watu, na hukuiba kitu. Niliapa kwa jambo nisilolijua. Nimekosa. Nisamehe. Na kesho nitayarudia maneno haya dukani, foleni ikiwa ndefu."

Akakiweka kifuko cha barafu kando, mtu yule wa maneno machache.

"Hata foleni fupi inatosha," alisema. "Na mimi unisamehe."

Ndivyo ilivyokwisha. Miaka hamsini na mmoja nimekikimbia kitu ambacho hakikuchukua hata dakika. Nikageuka kumtafuta Kengele, maana nilishangaa hajapiga vigelegele vya kuangusha saa ukutani.

Alikuwa kwenye benchi la pembeni, amebana lenzi jichoni, ameinamia saa iliyofunguliwa. Mkononi alikuwa na kibano, na kwenye kibano kulikuwa na skrubu ndogo kuliko mbegu ya ufuta.

"Alikuwa anakaa bure akingoja muda wa barafu," Fundi aliniambia kwa sauti ya chini. "Nikampa saa mbovu aichezee. Hiyo ni ya tisa. Nane zinatembea."

"Kengele," nilimwita.

"Shh, mama."

Nikasogea. Amebana pumzi, na ncha ya ulimi imetoka upande wa kushoto wa mdomo. Marehemu mume wangu ndiye aliyekuwa akiandika majina juu ya keki za wateja. Akishika ile karatasi ya kukamulia sukari alibana pumzi namna hiyohiyo, na ulimi ukamtoka upande huohuo wa kushoto. Ungeweza kumwangushia sinia miguuni asishtuke. Miaka ishirini na minne nimeishi na mtoto huyu karibu na tanuri, katika joto na makelele yangu, nikimwambia kila mtu kwamba utulivu wa baba yake umezikwa. Kumbe alikuwa nao wakati wote. Nililia. Sikuwa na aibu, nililia kwa furaha, na kwa kumkumbuka.

Fundi Saa alinipa kile kitambaa cha sungura nijifutie. Kisha akatoa daftari.

"Mama Mikate, ulinieleza huyu hana subira hata punje."

"Nilikueleza."

"Na sasa ndivyo alivyo? Mtulivu? Nataka kuandika."

"Usiandike, Fundi! Mimi siapi tena. Mrudishe karibu na tanuri uone."

Wakati huohuo skrubu ikaingia mahali pake. Saa ikaanza kutembea. Kengele akang'oa lenzi jichoni, akauona ule mraba mweusi, akacheka kicheko chake chote. Sungura akaruka kutoka mezani, Mwalimu akaziba masikio, na ng'ambo ya barabara mtu akageuka.

Fundi Saa alingoja kelele zitulie. Kisha akainama akaandika neno moja tu kwenye daftari, na tarakimu chache.

"Nimekwambia usiandike," nilisema. "Umeandika nini?"

Akanigeuzia daftari nisome. Ilikuwa tarehe ya harusi.