Mama Swali

Wauguzi wa chumba cha dharura walimwita daktari wao Mama Swali, na hawakumwita hivyo kwa kificho. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono myepesi, aliyejitwika utafiti ambao wengi hawataki hata kuusikia ukitajwa: utafiti wa watu wanaojidhuru na wanaojiua. Kazi ile ilikuwa na miguu miwili. Mmoja ulikuwa kwake, wanakoletwa walio hai. Wa pili ulikuwa ng'ambo ya ua, mochwari, kwa daktari mwenzake wa uchunguzi wa vifo, mtu mzima waliyemwita Mzee Taratibu. Yeye alikaa na wafiwa na kuwauliza, polepole, marehemu aliishi vipi siku zake za mwisho.

"Mimi nikifanya kazi yangu sawasawa, wewe utakufa njaa," Mama Swali alikuwa akimtania.

"Nife tu, dada. Nitashukuru," Mzee naye hujibu.

Swali lililompa jina lilikuwa moja, naye alilifundisha kama wengine wanavyofundisha kushona. Mtu akiletwa na jeraha linalotia shaka, pazia livutwe. Ndugu watolewe, waambiwe wakatafute chai. Kisha swali liulizwe jeraha likisafishwa, macho yakiwa kwenye jeraha, kwa sababu mtu akitazamwa usoni hujitengenezea uso. Na liulizwe waziwazi, bila kuzungukazunguka: umekuwa ukifikiria kujiua? Kwa sauti ileile ya kuuliza kama sindano inauma.

Wageni kazini walishtuka. "Daktari, ukimuuliza mtu hivyo si unamtia wazo?"

"Wazo analo au hana," aliwajibu. "Kama analo, amelibeba peke yake muda mrefu. Wewe unampa pa kulitua."

Na kweli walilitua. Wanaume wazima waliokuja na vicheko walilia chini ya taa ile mpaka glavu zikalowa, kisha wakakubali kupelekwa kwa mshauri, wakarudi baadaye wakiwa na mke au mama, wakiulizia yule daktari mwenye swali. Mama Swali aliipenda kazi yake. Aliipenda kuliko alivyokubali kusema.

Asubuhi moja akaingia mdogo wake wa tumbo moja, fundi friji, mtu wa mizaha, ambaye tangu utotoni aliitwa Chapchap kwa jinsi alivyosema haraka na kufanya haraka. Mkono ulikuwa umefungwa kitambaa.

"Bati limeniteleza, dada," akasema, na hapo hapo akaanza. Bati la nyuma ya friji, mteja aliyekuwa akimharakisha, mbwa wa mteja, ngazi, mpaka jirani wa mteja akaingizwa. Hadithi ilikuwa nzuri, na wagonjwa wengine kwenye benchi walicheka.

Mama Swali hakucheka sana. Miaka yote ile ilikuwa imemfundisha kwamba ajali ya kweli haina maelezo marefu. Mtu aliyekatwa na bati husema nimekatwa na bati, basi. Alifungua kitambaa, akaliona jeraha lenyewe. Alijua. Usije ukadanganywa kwamba hakujua.

Lakini kulikuwa na sheria, na sheria ile ilikuwa nzuri: ndugu hamtibu ndugu. Akamwita muuguzi wake mwandamizi, yule aliyemfundisha kwa mkono wake mwenyewe na kumwamini kuliko wote. "Huyu ni mdogo wangu," akamwambia. "Mhudumie kama mtu mwingine yeyote." Akavuta pazia kwa mkono wake.

"Sasa wewe unakwenda wapi?" Chapchap akauliza.

"Mimi si ndugu? Natolewa kama ndugu wengine. Naenda kutafuta chai."

Wakacheka wote wawili. Akasimama kwenye korido na kikombe mkononi, asikinywe, akisikiliza bila kusikia kitu, mpaka muuguzi akatoka akivua glavu.

"Tayari, daktari. Nimemshona vizuri, kovu halitaonekana sana."

"Yuko sawa?"

"Yuko sawa. Ana maneno huyo ndugu yako."

Angekuwa mgonjwa mwingine, Mama Swali asingelipokea jibu la namna hiyo. Yuko sawa ndiyo nini? Umemuuliza? Amejibuje? Rudi ndani. Hivyo ndivyo alivyowaambia wauguzi kila siku, mpaka wakawa wanamwigiza wakati wa chakula. Siku ile alilipokea kama mtu mwenye kiu anavyopokea maji, bila kutazama ndani ya kikombe. Alijiambia kwamba muuguzi ameuliza, na kwamba mdogo wake amesema hapana. Akaona nafuu, na nafuu ile ndiyo iliyomponza.

Jumapili zilizofuata alikwenda nyumbani kwa mdogo wake, si kawaida yake, na mikononi matunda ya watoto. Jumapili ya kwanza wanawe walimrukia: shangazi, shangazi. Wifi yake alimkaribisha kwa utani, akisema leo mawifi wamekumbukana. Chapchap alikuwa sakafuni akitengeneza feni ya jirani, mkono ukiwa bado na bandeji. Alikuwa amekonda. Maneno yake yalikuwa yaleyale, ila sasa alikuwa akiyaachia njiani kabla hayajafika mwisho.

"Dada, unanitazama kama unataka kunishona tena," akasema bila kuinua kichwa.

Ule ulikuwa mlango, na ulikuwa wazi. Mtu yule alikuwa ameinamia feni, mikono ina kazi, macho hayakutani na macho. Hata yeye asingeweza kupanga mahali pazuri zaidi pa kuuliza. Swali lilimfika kooni. Wanasema damu nzito kuliko maji, na huenda ndiyo sababu haipiti kirahisi. Huyu alikuwa amembeba mgongoni. Huyu alikuwa amemfundisha kufunga viatu.

"Nakutazama kwa sababu umekonda," akasema. "Wifi, kwani humlishi huyu?"

Wakacheka. Kinyozi hajinyoi, wazee walisema, na hawakusema ni kwa sababu ya woga.

Jumapili hazikuwa nyingi. Simu ilipigwa na jirani, maana wifi alikuwa hawezi kusema. Chapchap hakuletwa chumba cha dharura. Alipelekwa moja kwa moja ng'ambo ya ua.

Baada ya mazishi, muuguzi mwandamizi alimfuata Mama Swali kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akasimama karibu na sinki akinawa mikono ambayo ilikuwa safi.

"Daktari, siku ile sikumuuliza."

Mama Swali alikaa kwenye benchi.

"Maneno nilikuwa nayo mdomoni," muuguzi akaendelea. "Lakini ni mdogo wako. Niliona nikimuuliza kitu kama kile nitakuwa nimekuvunjia heshima wewe. Nikasema, dada mtu yupo hapo nje, atamuuliza mwenyewe nyumbani. Nani anajua kuuliza kuliko wewe?"

Mama Swali aliitafuta hasira, akaikosa. Yeye naye upande wa pili wa pazia alikuwa amesema vilevile: muuguzi yupo ndani, atamuuliza. Heshima ni kitu kizuri, mama zetu walitulea kwayo. Lakini siku ile ilikaa katikati ya wanawake wawili wanaoijua kazi yao kuliko watu wote, ikawaziba midomo, na mtu akatoka pale ameshonwa mkono tu.

"Nimefanya kama wewe," akamwambia. Akataka kumshika bega, mkono ukakataa.

Mzee Taratibu hakuwaita wafiwa mapema. Desturi yake ilikuwa kuwaacha kwanza wapate pumzi. Zamu ya mjane wa fundi ilipofika, mjane akasema haingii peke yake, anataka wifi yake awe naye.

"Kama ataingia, ataingia kama mfiwa," Mzee Taratibu akamwambia Mama Swali uani. "Safari hii hukai upande wangu wa meza, dada."

"Najua."

"Na unajua pia kwamba unaweza kukataa."

Hakukataa, na sababu yake ilikuwa ya aibu. Alikuwa na tumaini moja limebaki. Alitaka kusikia kwamba mdogo wake alikuwa ameshafunga shauri zamani, kwamba hata angeulizwa na nani asingejibu kweli, kwamba swali lile lisingebadili kitu. Yeye aliyewahubiria wengine miaka yote kwamba swali linaokoa, sasa aliomba lisiwe kweli, ili alale.

Chumba kilikuwa kidogo, kina viti vitatu, dirisha la uani na jagi la maji. Mzee Taratibu aliuliza kwa zamu zake: alikuwa analala? Alikuwa anakula? Kazi ilikuwaje? Wifi alijibu akiwa ameshika pindo la kanga yake. Alisema usingizi ulimkimbia mumewe, na kwamba wateja aliwakataa, kisha akawa anatoka asubuhi na mkoba wa vifaa na kukaa tu mahali.

"Na ile siku aliyoumia mkono?"

"Ile siku ndiyo inayonisumbua," wifi akasema. "Zahanati iko mtaani kwetu, hatua chache. Nikamwambia nenda hapo, damu inakutoka. Akakataa. Akaoga kwa mkono mmoja, akavaa shati safi. Nikamtania, nikamwambia wewe unakwenda hospitali au unakwenda kuoa? Akasema anakwenda kwa dada yake. Nikamwambia dada yako ana kazi nyingi, kwani zahanati hawajui kushona?"

Akalikunja pindo la kanga, akalikunjua. Mzee Taratibu hakumharakisha.

"Akasema, kushona wanajua. Lakini kwa dada wanauliza."

Mama Swali alisikia viatu vya mtu vikipita uani, vikaenda, vikaisha.

"Mimi sikumwelewa," wifi akasema. "Jioni nikamuuliza, vipi huko? Akasema wamenishona vizuri. Basi. Hakusema tena, na mimi nikaona ameshapata alichofuata." Akamgeukia Mama Swali, si kwa lawama, maana hakuwa na habari ya lolote. Alikuwa mtu anayetaka kujua tu. "Wifi, siku nyingi nataka kukuuliza hili, naogopa kukutonesha. Mlimuuliza nini?"

Mzee Taratibu aliweka mkono mezani, apate kulizuia jibu kama lingehitaji kuzuiwa. Mama Swali akatikisa kichwa kumkataza.

"Hatukumuuliza, wifi," akasema. "Alikaa pale, tukamshona, tukamwacha aende."