Usishike, Haijashika

Krismasi ya mwaka wa 1987 nilipika keki kwa sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, nikaipeleka kanisani ikiwa nyeusi kama tairi. Tangu siku hiyo akina mama wa kikundi chetu hapa Kisumu hawakuniita Mama Apiyo tena. Waliniita Mama Makaa. Aliyeanza ni jirani yangu Nabututu, na sidhani alikuwa na ubaya. Jina lilimkaa mdomoni vizuri tu.

Lakini Novemba ya mwaka uliofuata tulipata pasta mpya, na mke wake alikuja kutoka Taita bila kujua habari za keki yangu. Nikasema, angalau huyu mmoja anijue kwa jina langu. Lata, mwenye duka la vitambaa ambalo barazani pake nilishona nguo, nikamwomba anifundishe kitu kitamu kisichoona moto. Akaniandikia kwenye kipande cha karatasi: tabaka la biskuti zilizosagwa na siagi, tabaka la nazi na maziwa mazito ya kopo na maziwa ya unga, kisha tabaka la kakao juu. Kila tabaka lishike kabla ya kumwaga lingine.

"Ishike kabisa, Dorca," aliniambia. "Ukifanya haraka utapata uji."

Sikufanya haraka. Siku ya kuamkia Krismasi, asubuhi mapema, nilisaga biskuti kwa chupa ya soda. Siagi niliiweka dirishani, ikayeyuka yenyewe kabla sijamaliza kuosha bakuli. Jua la Kisumu halihitaji kubembelezwa. Friji hatukuwa nayo. Niliweka sinia ndani ya karai la maji, juu ya sakafu ya saruji chumbani, nikatandaza gunia lililolowa juu ya viti viwili kama hema. Tabaka la kwanza likashika. La pili likashika kufikia saa saba mchana. Nikamwaga kakao, laini kama kioo, nikatoka kuanika nguo.

Niliporudi, mume wangu Obiero alikuwa amechuchumaa kando ya karai, akilamba kidole. Katikati ya kakao palikuwa na shimo.

"Baba Apiyo, umefanya nini?"

"Si ulisema tungoje ishike? Nimeshika nione kama imeshika."

"Nilisema ishike. Sikusema ishikwe."

"Aa, hiyo ni Kiswahili ya walimu." Akapangusa kidole kwa suruali. "Lakini bado haijashika. Hiyo naweza kukuambia."

Nilijaribu kulisawazisha shimo kwa kijiko, likawa bonde. Nikaacha. Nikachukua chaki yangu ya kushonea, nikaandika kwenye mlango wa chumba kwa herufi kubwa: USISHIKE. HAIJASHIKA.

Saa tisa mama mkwe wangu, Mama Seline, akafika kutoka Usenge na mfuko wa omena, wale dagaa wa ziwani. Yeye hakujua kusoma. Tulisalimiana, akaingia chumbani kuweka mfuko, na nilipomfuata na maji ya kunywa alikuwa amekwisha kubonyeza mara mbili, kona hii na kona ile.

"Nyathina, mwanangu," akasema, "ugali wako ni laini sana."

"Si ugali, Mama."

"Basi ni nini?"

Nikamweleza. Akabonyeza tena ili aelewe.

Mama mkwe humkemei. Nilimpa kiti sebuleni, nikarudi kunusa yale mashimo. Yalinuka omena. Nikachokoa kakao iliyonuka, mashimo yakazidi kina.

Saa kumi Nabututu akaja kuazima ungo. Yeye anasoma. Alisimama mlangoni akasoma kwa sauti, neno kwa neno.

"Haijashika nini?"

"Kakao. Usiingie, mama, tafadhali."

"Yawa, sishiki! Naangalia tu." Akainua gunia. Kidole chake nacho kikaangalia.

"Nabututu!"

"Si imeshika hii! Futa maneno yako kwa mlango, Mama Makaa, unadanganya watu."

Alipoondoka na ungo nilikaa kitandani nikahesabu. Mashimo matano. Kopo la kakao lilikuwa tupu, na duka nilikoinunua lilikuwa limefungwa. Nilitamani kulia, au kumfunga mtu mikono. Nikachukua utepe wa kupimia, nikapima sinia, nikakata vipande ishirini na vinne. Kila shimo liliangukia kipande chake, ingawa si yote yaliyokaa katikati.

Basi nikanawa mikono kwa sabuni, nikabonyeza kidole changu katika vile vipande kumi na tisa vilivyobaki, kimoja kimoja, kwa nguvu, maana sasa ilikuwa imeshika kweli. Katika kila shimo nikatia njugu karanga.

Obiero alisimama mlangoni akinitazama. "Kumbe wewe unaruhusiwa?"

Nikamfungia mlango.

Kesho yake, baada ya ibada, sinia langu liliisha kabla ya pilau. Mke wa pasta alikula vipande viwili, polepole, kisha akasimama akauliza ni nani aliyetengeneza. Nilikuwa nimejiandaa. Nilisogea mbele, nikafungua mdomo nijitaje, na Nabututu akanitangulia kwa sauti ya uwanja wa mpira:

"Hiyo ni kazi ya Mama Makaa! Na hakuna moto hata kidogo!"

Mke wa pasta akanipa mkono, akaufunika wangu kwa mikono yake yote miwili.

"Asante sana, Mama Makaa. Mungu akubariki." Kisha akachungulia nyuma yangu, kwa heshima kabisa. "Na Makaa mwenyewe yuko wapi? Ningependa kumsalimia."

Obiero akaanza kukohoa. Nabututu akatazama dari kama mtu anayetafuta mahali panapovuja.

"Amebaki nyumbani, Mama," nikasema. "Ana homa kidogo."