Diwani Thackray na Mkokoteni wa Matete

Hilary Thackray aliupata udiwani akiwa na miaka hamsini na minane, mara tu baada ya kustaafu upishi wa shule. Uenyekiti wa kamati ya leseni aliupata kwa sababu hakuna mwingine aliyeutaka. Kazi yenyewe haikuwa na sifa. Leo baa inaomba saa moja zaidi ya kuuza, kesho dereva wa teksi anaeleza kosa lake la zamani. Kwa miaka mitano watu wa Skelbeck, mji mdogo wa Yorkshire, hawakujua kama kamati hiyo ipo. Mwaka wa sita wakaijua, tena wakaijua vizuri.

Ilianza mwezi Machi. Kampuni moja ya kusini iliomba kufungua ukumbi wa mashine za kamari Mtaa wa Soko, katika jengo lililokuwa duka la mapazia. Zikaja barua mia mbili na kumi za kupinga. Siku ya kusikilizwa, ukumbi wa baraza ulijaa hadi watu wakasimama na makoti yao kando ya kuta.

Wa kwanza kusema alikuwa Norman Sugden, fundi viatu ambaye kibanda chake kinatazamana na jengo lile. Alikuwa amefunga tai.

"Mama mwenyekiti, mimi sina maneno mengi," alisema. "Mwanangu aliuza gari, akauza vifaa vya kazi, akauza pete ya marehemu mama yake. Sasa ana mwaka na miezi miwili hajagusa mashine hizo. Kila asubuhi ananifungulia duka. Mnataka akiinua macho tu aone zile taa?"

Makofi yakalipuka. Hilary akagonga meza, lakini si kwa nguvu.

Wakili wa kampuni, Bwana Farrant, alimpa Norman pole kwanza, na alionekana kuimaanisha. Kisha akatandaza karatasi zake. Kampuni haijawahi kunyang'anywa leseni popote. Wafanyakazi wamefundishwa kumtambua mtu aliyezidiwa na kamari. Kamera zipo. Polisi wameulizwa, hawana pingamizi. Alisema kwa dakika kumi na moja na hakupandisha sauti hata mara moja.

Hilary na madiwani wenzake wawili wakaenda chumba cha pembeni pamoja na Nadia Rehman, mwanasheria wa baraza.

"Nipe sababu moja ya kukataa," Hilary akamwambia. "Moja tu."

"Sina, Diwani."

"Na barua mia mbili na kumi?"

"Wengi wanasema kamari ni mbaya, na kwamba mji unayo ya kutosha. Sheria imetukataza kuyapima yote mawili. Inatuambia tulenge kuruhusu, isipokuwa tuwe na ushahidi wa uhalifu, au udanganyifu, au madhara kwa watoto na wanyonge, ushahidi wa jengo hili hasa. Hatunao. Mkikataa watakata rufaa, watashinda, na watafungua bila masharti yenu hata moja."

"Sasa sisi hapa tumekuja kufanya nini, kunywa chai?"

"Kuweka masharti," Nadia alisema.

Wakaweka matatu. Ukumbi ufungwe saa nne usiku. Wafanyakazi wasipungue wawili. Vioo vya mbele vitiwe rangi nzito toka chini hadi juu, mwanga usitoke mtaani. Hilo la tatu Hilary aliliandika kwa mkono wake.

Aliporudi kusoma uamuzi, alikuwa hajafika hata sharti la pili. Viti vilianza kukwaruza sakafu, watu wakatoka, mmoja akapiga kelele mlangoni, "Wamekulipa ngapi, bibi?" Norman alibaki hadi neno la mwisho. Akashukuru kama mtu anavyomshukuru daktari aliyemletea majibu mabaya, akavaa kofia yake, akaenda.

Mwezi Juni likaja la mkokoteni.

Kila Jumamosi ya kwanza ya Septemba, wanaume sitini wa Skelbeck, wamevaa mashati meupe na viatu vya mbao, huvuta mkokoteni uliorundikwa matete mabichi hadi urefu wa nyumba, na mwanamke mmoja ameketi kileleni. Huanzia juu, kwenye uwanja wa ng'ombe, hushuka mteremko wa Pinfold na kuyafikisha matete kanisani, ambako zamani yalitandikwa sakafuni. Pinfold ni njia nyembamba ya mawe, nyumba zimeibana pande zote mbili, na hapo ndipo watu hupenda kujazana, maana mkokoteni hupita karibu nao kiasi kwamba matete huwapangusa nyuso. Wanaume ishirini hutangulia, arobaini hubaki nyuma na kamba kuuzuia.

Mwaka uliotangulia kamba moja ilikatika. Mkokoteni ulikimbia hatua kumi, ukagonga ukuta wa posta. Kijana mmoja aliteguka kifundo cha mguu, basi. Jioni ile baa nzima ililicheka jambo hilo. Hilary hakucheka. Alikuwa chini kabisa, akiuza chai kwenye meza iliyoegemea ukuta huohuo.

Ombi la kufunga barabara lilipoletwa kwenye kamati yake, kikao cha usalama kilishafanyika. Polisi, zimamoto, watu wa ambulensi na injinia wa baraza, Ruddock, walishauri kwa kauli moja: msipite Pinfold. Kiongozi wa mkokoteni alikuwa Wilf Hebden. Huyu alikuwa msimamizi wa majengo ya shule miaka yote ambayo Hilary alikuwa mpishi humo, na hadi siku ile alikuwa hajamwita kwa jina.

"Haya, mpishi," Wilf alisema, amesimama mbele ya kamati na mikono mfukoni. "Mashine za kamari mmezipa leseni. Sisi wa matete ndio wahalifu."

"Hakuna aliyesema mhalifu, Wilf."

"Babu yangu aliushusha ule mkokoteni. Hakuwa na injinia. Alikuwa na kamba."

"Na kamba yako ilikatika."

"Moja! Ziko sita!"

Injinia Ruddock, mtu wa maneno machache, akasema, "Sita zilizonunuliwa siku moja na kuchakaa pamoja, Bwana Hebden."

Safari hii sheria haikumfunga Hilary mikono. Angeweza kukataa kufunga barabara, na sherehe ingekufa pale pale. Nadia alimwambia hivyo kwa sauti ya chini, na Hilary akashangaa jinsi ilivyokuwa rahisi. Hakukataa. Alisema kamba ziwe mpya, watu wasisimame nusu ya chini ya Pinfold, na mkokoteni ujaribiwe Julai, mchana, na magunia ya mchanga mahali pa yule mwanamke.

Siku ya jaribio walikuja wote sitini, wamenuna. Mara ya kwanza mkokoteni ulishuka kama jeneza, taratibu na bila tatizo. Mara ya pili vilevile. Wilf akamgeukia Hilary akapiga saluti. Kabla ya mara ya tatu likaanza manyunyu, mvua ile isiyostahili hata mwavuli. Mawe yakang'aa. Katikati ya mteremko visigino vya mbao vikaanza kuteleza, kwanza watu wawili, kisha safu nzima, na mkokoteni ukaenda hatua nne kabla ya kusimama.

"Umesimama!" Wilf akapaza sauti.

"Umeteleza," Ruddock akasema.

Wote wawili walikuwa wakweli. Hilary akaandika kibali hivi: kukiwa kukavu, Pinfold. Kukiwa na unyevu, barabara ndefu ya Mtaa wa Soko, ambayo ni tambarare.

"Na nani ataamua unyevu ni nini?" Wilf aliuliza. "Maana Yorkshire hii hata ukavu wake una unyevu. Andika jina la mtu. Nataka kumjua wa kumlaani."

Hilary akaandika lake.

Jumamosi ya Septemba ilipambazuka kweupe. Hadi saa sita mchana mawe ya Pinfold yalikuwa na joto. Watu elfu tatu walikuwa mjini, bendi ilikuwa inapiga, na Hilary alikuwa amesimama juu ya mteremko na koti la njano lililomzidi ukubwa. Saa saba kasorobo tone likamwangukia mkononi. Akangoja la pili. Lilikuja, kisha mengine, mepesi, ya dakika tano tu, halafu yakaacha na jua likatoka tena.

Alichutama, akapitisha kiganja juu ya jiwe. Kilitoka na maji. Si mengi, kama ya mtu aliyenawa akajifuta vibaya.

Wilf alikuwa amesimama nyuma yake. "Litakauka hilo."

"Lini?"

"Nusu saa."

"Mna ruhusa ya barabara hadi saa nane. Ukingoja nusu saa na lisikauke, hutakuwa na muda wa barabara ndefu."

"Mpishi." Safari hii hakuwa anatania. "Wako tayari. Nimewafunga kamba mikononi mwenyewe. Kamba mpya. Watu chini hakuna. Unataka nini tena?"

Kileleni mwa matete yule mwanamke, binti wa muuza maziwa, alikuwa anawapungia watu. Hilary alimtazama, akatazama chini hadi ukuta wa posta. Aliogopa, na alijua kwamba anaogopa, na hakuweza kutenganisha woga wake na maji yale kiganjani.

"Barabara ndefu," alisema.

Kuugeuza mkokoteni kulichukua dakika ishirini. Umati ulipoelewa, ukazomea. Mtu akaanza kuimba, wengine wakadakia, "Tupe kamari, chukua matete!" Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto begani akamwambia Hilary usoni, "Aibu yako!" na Hilary akaitikia kwa kichwa.

Wakapita Mtaa wa Soko, taratibu, bila hatari yoyote. Mbele ya vioo vyeusi vya ukumbi wa mashine wateja watatu walitoka kutazama, macho wameyafinya kwa mwanga. Upande wa pili Norman Sugden na mwanawe walikuwa wamesimama mlangoni mwa kibanda chao, wanakula sambusa za nyama na viazi. Mwanawe alipiga makofi. Matete yalifika kanisani saa nane na dakika tatu.

Kwa wiki kadhaa gazeti la mji lilichapa barua za hasira. Kisha zikapungua.

Mwezi Novemba Hilary alimkuta Wilf kwenye foleni ya samaki na chipsi. Hawakuwa wamesemezana tangu siku ile. Foleni ilikuwa ndefu na hakukuwa na mahali pa kugeukia.

"Ule mkokoteni ungesimama," Wilf alisema, akitazama mbele.

"Labda."

"Ungesimama, Hilary."

"Labda ungesimama, Wilf."

Foleni ikasogea mpaka wakafika kaunta. Kisha Wilf akamwambia muuzaji, "Mpe huyu kwanza. Ana haraka ya kupiga marufuku siki kwenye chipsi."

Uchaguzi ulikuja Mei. Hilary alishindwa kwa kura arobaini na moja, na aliyemshinda alikuwa na picha ya mkokoteni kwenye vipeperushi vyake. Ukumbi wa mashine ukaendelea kufungwa saa nne, na vioo vikabaki vyeusi.

Septemba iliyofuata jua liliwaka kutwa nzima. Diwani mpya alirudisha Pinfold yote, juu hadi chini, na watu wakajazana hadi ukuta wa posta. Hilary alisimama nusu ya juu, bila koti la njano. Mkokoteni ulishuka vizuri. Ulipompita matete yalimpangusa shavu, akapiga makofi kama wengine, kisha akasubiri, asiondoke, mpaka aliposikia kelele za shangwe kutoka chini.